Kiti Kimoja cha Makulwe

Sogeeni. Mwenye kigoda akalie kigoda, mwenye mkeka aukunjue. Ila niwaonye mapema: hadithi hii mimi ninaijua mwanzo na katikati tu. Mwisho wake mtanipa ninyi, na mkigombana, gombaneni kwa hoja.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Makulwe, katika nchi kavu ya Ugogo, kando ya mbuga pana ambayo masika hugeuka ziwa na kiangazi hugeuka chumvi. Maji yakijaa, watu hupanda mpunga. Yakikauka, hukwangua chumvi wakaipeleka mnadani. Katika kijiji hicho walikuwapo vijana watatu, na kila mmoja alipewa chake.

Zefania Mnyambwa alipewa mikono. Redio iliyokufa, simu iliyozama kwenye ndoo, sola iliyopigwa na radi, vyote vilifika kwenye kibanda chake vikiwa maiti na kuondoka vikiwa hai. Ulimi wake ulikuwa mzito. Neno moja aliweza kulivuta kama ng'ombe aliyenasa kwenye tope. Lakini nyaya hazihitaji kusemeshwa.

Damari Chilewa alipewa subira. Alikuwa na miaka kumi mafuriko yalipobomoa nyumba yao ya tembe na kumchukua mama yake. Tangu mwaka ule, kila mvua iliponyesha aliipima kwa kopo la mafuta ya kupikia na rula ya shule, akaandika daftarini. Kila maji ya mbuga yalipopanda, alikwenda kukwaruza alama kwa msumari kwenye ukuta wa zahanati na kuweka tarehe kando yake. Hakuna aliyemtuma. Watu walimcheka, "Wee binti, unahesabu matone?" Naye alijibu, "Nahesabu yaliyofika."

Na Nyemo Ndahani alipewa ulimi. Alikuwa na Kigogo cha wazee, Kiswahili cha wilayani, na Kiingereza alichokichota shule ya bweni mpaka chini ya mtungi. Akikusimulia habari za kuku wake aliyepotea, unaacha wako unakwenda kumtafuta wake.

Hao ndio watatu. Lakini aliyebebeshwa mzigo wa hadithi hii ni mtu wa nne: Nesi Loyi Masima, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye miguu inayovimba jioni. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji, cheo alichopewa siku aliyokuwa akizalisha mjamzito na hakuwepo mkutanoni kukikataa. Mama yake Damari alikuwa dada yake. Yeye ndiye aliyemlea Damari baada ya mafuriko.

Sasa, kampuni moja ilikuja Makulwe kutafuta urani. Ilichoronga mashimo arobaini na moja katika mbuga, ikayakuta madini iliyoyataka, ikarudi na ramani. Wangechimba mgodi upande wa mashariki, na mabaki ya mawe yaliyosagwa wangeyatia kwenye bwawa lenye ukuta, pembeni mwa mashamba ya mpunga. Kilichobaki ni mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Watu wengi walikuwa tayari wamekubali mioyoni. Mvua za miaka ya karibuni zilikuwa zimewachosha. Mwaka mmoja jua linaunguza miche, mwaka unaofuata maji yanaifagia yote kwa usiku mmoja. Mtu akichoka na shamba, hata shimo humpendeza.

Damari hakuchoka. Kampuni ilipoleta ripoti yake zahanati ili ibandikwe ukutani, yeye alikuwa mtu pekee aliyeisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Iliandikwa kwamba mafuriko makubwa katika mbuga ile huja mara moja katika miaka hamsini. Akaitazama karatasi, akautazama ukuta iliyobandikwa, wenye alama zake za msumari. Akamwita Nesi Loyi.

"Mama mdogo, njoo usome hapa. Halafu usome na hapa."

Nesi Loyi akasoma. "Mara moja katika miaka hamsini?"

"Mimi nimekwaruza mara nne katika miaka tisa."

Wakati huo Damari alikuwa amekwisha kupata ufadhili wa kampuni wa kusomea ukunga. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Ofisa wa kampuni aliposikia habari za daftari, alikuja na uso mkunjufu akaomba alichukue "kwa kumbukumbu." Damari akamwambia atamnakilia kila ukurasa kwa mkono wake, ila daftari lenyewe halitoki. Wiki iliyofuata orodha mpya ilibandikwa. Jina la kwanza lilikuwa la mtu mwingine. Damari aliisoma, akaenda kupima mvua ya asubuhi, milimita nne, akaandika.

Zefania naye alianza kwa jalala. Nyuma ya kambi ya kampuni palikuwa na shimo la taka, na humo aliokota kifaa cha rangi ya njano chenye mshale na spika ndogo, kimevunjika. Kilikuwa kipima mionzi. Alikaa nacho wiki tatu, akabadilisha hiki, akaunganisha kile, mpaka kikatoa sauti. Lakini fundi wa kweli haamini sauti kwa sababu imetoka. Alipanda basi mpaka chuo kikuu, akasimama mlangoni kwa mwalimu mmoja wa fizikia, akashindwa kusema alichokuja kusema, akakiweka kifaa mezani. Mwalimu akakilinganisha na cha chuo. Vilikubaliana.

Akarudi akazunguka mashimo yote arobaini na moja kwa baiskeli. Thelathini na tano yalikuwa yamezibwa. Sita yalikuwa wazi, na moja kati ya hayo, shimo la kumi na saba, lilikuwa linatoa maji taratibu yakielekea kisima cha mifugo. Pale kifaa kililia kama bisi zinazopasuka kikaangoni. Zefania akajaza chupa.

Siku mbili baadaye alikamatwa kwa wizi wa mali ya kampuni. Alikaa mahabusu siku kumi na moja kwa kosa la kuokota takataka. Alipoachiliwa, kesi ilikuwa imekwisha, ila vifaa vyake vyote vya kazi vilivyochukuliwa kama ushahidi havikurudi, hata bisibisi. Kipima mionzi na ile chupa ya maji vilisalimika kwa sababu mama yake alikuwa amevizika kwenye gunia la uwele.

Nyemo habari yake ina kona. Kwa miezi minane alikuwa mkalimani wa kampuni. Nyumba kwa nyumba, mkutano kwa mkutano, maneno ya kampuni yalitoka kinywani mwake yakiwa matamu kuliko yalivyoingia. Baba yake aliajiriwa kuwa mkuu wa walinzi wa kambi kwa ajili yake. Waliokubali mgodi Makulwe, wengi wao waliusikia kwa sauti ya Nyemo.

Siku moja, wakirudi kutoka mashimoni, alimwuliza mhandisi mkuu, "Haya madini yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

"Sokoni."

"Na kutoka sokoni?"

Mhandisi akafikiri, kwa maana hakuwa mwongo. "Mengi yanawasha taa za watu. Mengine, zamani, yaliingia kwenye mabomu. Sisi tukishauza hatufuatilii."

Nyemo hakulala vizuri kwa ajili ya neno lile, hatufuatilii. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwenye kibanda cha Zefania akamkuta Damari pale, na redio iliyotengenezwa karibuni ilikuwa inasema. Alikuwa akihojiwa mwanamke wa visiwa vya Pasifiki aitwaye Hermina. Alisema bibi yake aliondolewa kisiwani kwao ili bomu la nyuklia lijaribiwe. Na sasa yeye mwenyewe anaondolewa kwenye kisiwa walichokimbilia, kwa sababu dunia imepata joto na bahari imepanda mpaka makaburini. "Tumefukuzwa mara mbili," alisema, "na wote waliotufukuza hawajui hata majina yetu."

Kipindi kilipoisha, Zefania akaizima redio.

"Mwaka ule maji yalipomchukua mama," Damari akasema, "nilidhani ni sisi peke yetu."

Hapo ndipo kikundi chao kilipozaliwa, Vijana wa Mbuga, kikafika watu ishirini na kitu. Waliandika kwenye kitambaa cha shuka: MBUGA YETU ISIZAE BOMU. Walipita wakieleza mambo mawili kwamba ni jambo moja: wale walioichafua hewa mpaka mvua ikapoteza njia, na wale wanaolimbikiza mabomu ya kuimaliza dunia kwa mchana mmoja, wote wanamwachia gharama mtu asiyeulizwa. Nyemo alipita nao jioni, na asubuhi alirudi kazini kwa kampuni. Alisema anataka kusikia mpaka mwisho. Wapo waliomwamini na wapo ambao hawakumwamini.

Mkutano ukafika. Ulikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule, chini ya turubai la kampuni. Walikuja watu wa wilaya, watu wa kampuni, na wana Makulwe wapatao mia tatu. Soda ziligawiwa. Nesi Loyi alikaa mstari wa mbele akiwa na sare yake, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa wa kurudia.

Mhandisi mkuu alisimama. "Mbukwa!" akawasalimu kwa Kigogo, watu wakacheka kwa furaha wakamwitikia, "Mbukwenyi!" Alieleza mgodi, kisima kipya, barabara. Nyemo, akiwa ameshika kipaza sauti kando yake, alifasiri neno kwa neno.

Ulipofika wakati wa maswali, Zefania aliinuka. "Ma-ma-maji ya ki-ki..." Akaacha. Akaweka chupa mezani, akawasha kifaa. Kwanza alikisogeza karibu na soda: kikadonoa, tik, kikanyamaza, tik. Halafu akakisogeza kwenye maji ya shimo la kumi na saba. Kikapasuka kwa kelele. Watoto wakacheka. Watu wazima wakaziweka soda chini. Kisha na watoto wakaziweka zao.

"Ni kweli," mhandisi akasema, na Nyemo akafasiri. "Mashimo hayo yatazibwa wiki hii, na ninaomba radhi. Ndiyo sababu mabaki yote ya mgodi yatakaa ndani ya ukuta, yasitoke kamwe."

Ilikuwa kauli nzuri. Vichwa vikatikisika kukubali.

Damari akainuka na daftari lake. "Ripoti yenu inasema mafuriko makubwa ni mara moja katika miaka hamsini. Humu nina miaka tisa. Yamekuja mara nne." Akasoma tarehe nne, bila kupandisha sauti. Aliposoma ya kwanza, Nesi Loyi aliinamisha uso. "Ya juu kabisa ilifika mita mbili na sentimita thelathini. Alama iko ukutani pale zahanati, nendeni mkaione. Ukuta wenu ni mita mbili."

Mhandisi akaliomba daftari, akalifunua kwa heshima, akalirudisha. Akasema kazi ya binti ni ya kupongezwa, ingawa daftari la mwanafunzi haliwezi kuitwa takwimu. Wataalamu watalizingatia, na ukuta utatazamwa upya. Hiyo nayo ilikuwa kauli nzuri. Vichwa vikatikisika tena, na katibu wa mkutano akaanza kuandaa kura.

Ndipo mhandisi alipomwinamia mwenzake wa kampuni akasema jambo kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Nyemo, katikati yao. Uwanja mzima ulisikia sauti, ila maana yake hawakuipata.

Mama Tabita, muuza chumvi, akauliza kutoka pale alipokaa, "Amesemaje?"

Nyemo aligeuka kumtazama. Kwa miezi minane, swali kama hilo alikuwa akilijibu, "Wanashauriana mambo ya kitaalamu." Nyuma ya watu, baba yake alikuwa amesimama na sare ya ulinzi, anamtazama. Nyemo akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Amesema," Nyemo akasema, kwa sauti ileile aliyofasiria habari za barabara na kisima, "'Ukuta ni mita mbili kwa sababu hiyo ndiyo bajeti iliyopitishwa. Mafuriko yakija, sisi tutakuwa tumeshaondoka.'"

Yule mwenzake wa kampuni, aliyekuwa Mswahili kama sisi, akaruka kitini. "Hiyo haikuwa ya kutafsiriwa!"

Basi akawa amethibitisha.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliokubali mgodi walikuwa kumi na mmoja. Miezi minne baadaye ombi la kampuni lilikataliwa, mashimo sita yakazibwa, kambi ikavunjwa. Nyemo hakulala kwao tangu jioni ya mkutano. Baba yake alimwekea begi nje ya mlango, na juu ya begi aliweka viatu vyake vya shule, ili ajue kwamba hata cha utotoni hakikubakizwa.

Mpaka hapo ingekuwa hadithi ya kawaida, tungeinuka tukaenda kula. Lakini Vijana wa Mbuga walikuwa wamemwandikia barua Hermina wa redioni kumweleza mambo yalivyokwenda, naye akajibu.

Aliandika hivi: "Sisi ni mahali bomu lilipoishia. Ninyi ni mahali ambapo lingeweza kuanzia. Mwezi wa sita kutakuwa na mkutano wa dunia, vijana watasimama mbele ya wajumbe wa mataifa kudai silaha za nyuklia zitokomezwe na walioharibu tabianchi wawajibike. Nimewapatia Makulwe kiti kimoja. Mtakayemtuma atapewa dakika saba. Nitumieni jina moja kabla ya Ijumaa saa sita mchana."

Kiti kimoja. Kijiji kilikaa kikao, kikabishana mpaka sauti zikakauka.

"Zefania," akasema Mzee Chidong'o, ambaye ng'ombe wake walikunywa maji ya kisima kile. "Bila yule kijana mifugo ingeendelea kunywa sumu, na sisi tukinywa maziwa."

"Na bila Damari?" akajibu Mama Tabita. "Kampuni ingesema maji mabaya hayatoki bwawani. Nani angewabishia?"

"Wote wawili walisema, na wote wawili mlitikisa vichwa kumkubali mhandisi," akadakia mwalimu wa shule. "Niliwaona. Mkono wako wewe Mama Tabita ulikuwa umeshaanza kupanda. Ni Nyemo aliyeushusha."

"Nyemo huyohuyo aliyeupandisha miezi minane?" akarudisha Mama Tabita.

Hapo kikao kilikwama. Mtu mmoja alishauri wavute vijiti. Nesi Loyi akakataa. "Bahati haikupima maji," alisema, "wala haikulala mahabusu." Basi wakamwambia, haya, kwa kuwa wewe ni mwenyekiti na vijiti huvitaki, andika jina wewe.

Alimpigia Hermina simu kuomba viti vitatu. Hermina alimsikiliza, akasema kwa upole kwamba kila kijiji kina kimoja, na kwao kisiwani wenyewe wamekaa wiki nzima wakilia juu ya swali hilohilo.

Jumatano Nesi Loyi alimfuata Zefania. Alimkuta hapohapo zahanati, amelala chali chini ya jokofu la chanjo, akilitengeneza kwa bisibisi ya kuazima.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Nikuulize. Unataka kwenda?"

"Na-nataka. Si-sitakudanganya."

"Dakika saba, Zefania. Mbele ya watu wale. Utasema nini?"

Akatoka chini ya jokofu, akajifuta mikono. Jibu lake lilichukua muda, nami sitalivuta kama alivyolivuta. Alisema hatasema kitu. Ataweka mezani jiwe la Makulwe, atawasha kifaa, atakaa kimya dakika saba wasikilize wenyewe. Wasemaji, alisema, wamewasikia wengi.

Alhamisi asubuhi alimfuata Nyemo, ambaye alikuwa amepewa kona ya kulala nyumbani kwa mwinjilisti. Alikuwa anachambua mlenda.

"Watu wanasema mimi niliuza maneno," Nyemo akaanza kabla hajaulizwa. "Ni kweli, Nesi. Miezi minane nilikuwa mdomo wao. Ndiyo maana nataka dakika saba niwe mdomo wetu."

"Na wakikuuliza ulikuwa wapi miezi hiyo minane?"

"Nitawaambia. Pale ukumbini kuna watu wengi waliokaa upande niliokaa mimi. Zefania hawezi kuwaambia namna mtu anavyotoka huko. Damari hajawahi kuwa huko. Na kingine, wale wakuu wakinong'onezana pembeni, mimi nitasikia."

Nesi Loyi akamwuliza baba yake anasemaje siku hizi. Nyemo akaendelea kuchambua mlenda, akatupa jani zima pamoja na vijiti, akainama kuliokota. "Hatujasalimiana," akasema.

Alhamisi jioni alirudi nyumbani. Damari alikuwa anaanua nguo. Nesi Loyi alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akasugua miguu. Swali lilikuwa dogo, lakini hili ndilo lililomwia zito kuliko yote.

"Damari."

"Abee, Mama mdogo."

"Kesho naandika jina."

"Najua." Akakunja shuka, ncha kwa ncha. "Kama utaliandika langu, liwe ni kwa haki. Usiliandike kwa kunionea huruma kwa ajili ya chuo. Wala kwa ajili ya mama."

"Sawa."

"Lakini na wewe usiache kuliandika kwa sababu mimi ni mwanao na watu watasema. Hiyo nayo si haki. Nitakuwa nimeadhibiwa kwa kulelewa na wewe."

Nesi Loyi akaendelea kusugua miguu. Alikuwa amelifikiria hilohilo tangu Jumatatu, kwamba njia rahisi ya kuonekana mwadilifu ni kumnyima wa nyumbani mwake.

"Ungesema nini wewe, dakika saba?" akauliza hatimaye.

"Kila mtu duniani anajua kusema mvua imebadilika. Ningewasomea lini. Tarehe kwa tarehe. Na kwenye ile ya kwanza ningetaja jina la aliyekufa." Akabeba nguo, akafika mlangoni, akageuka. "Mhandisi alisema si takwimu. Nilitaka mtu mmoja tu mkubwa aniambie kwamba ni takwimu."

Usiku Nesi Loyi alipima kwa kila kipimo alichokijua. Aliyeanza kwanza? Damari, miaka tisa kabla ya wote. Aliyehatarisha mwili? Zefania. Aliyefungua macho ya watu siku ile? Nyemo. Aliyepoteza zaidi? Mmoja alipoteza chuo, mmoja alipoteza kazi ya mikono yake na siku kumi na moja, mmoja alipoteza baba aliye hai. Akajaribu kuondoa mmoja mmoja, kama anavyofanya akitafuta dawa iliyomdhuru mgonjwa. Ukimwondoa Zefania, mafuriko ni maji tu, hayamtishi mtu. Ukimwondoa Damari, ukuta wa mita mbili unatosha. Ukimwondoa Nyemo, Makulwe inamwamini mhandisi mwenye adabu na kupiga makofi. Kila alipoondoa mmoja, mgodi ulichimbwa.

Akagundua pia kwamba hajui hata kiti chenyewe ni kitu gani. Kama ni shukrani, basi apewe aliyeumia zaidi. Kama ni kazi, basi apewe atakayeifanya vizuri zaidi, hata kama aliumia kidogo, hata kama mikono yake haikuwa safi siku zote. Na kama ni mbegu, basi apewe yule ambaye safari hiyo itamjenga kuliko wenzake. Lakini barua ya Hermina haikusema. Ilisema jina moja tu.

Ijumaa saa tano alikwenda ofisi ya kata kwenye kompyuta. Karani alimfungulia fomu. Jina la kijiji akaandika. Jina la kamati akaandika. Ukafika mstari wa jina la mjumbe, ulikuwa mmoja, na karani akamtazama akisubiri, vidole juu ya vibonye.

"Haya, Nesi. Niandike nani?"

Nami hapo ndipo ninapoishia, wenzangu. Mimi sikuwa karani. Ila saa sita inakaribia, kiti kikibaki kitupu sauti ya Makulwe haitasikika, na mwanamke huyu ana miguu iliyovimba na watoto watatu ambao mmoja wao ni wake. Mwambieni aandike nani: mikono, subira, au ulimi? Na yule utakayemtaja, utawaambia nini wale wawili watakaobaki, utakapokutana nao kesho kisimani?